Chai ya dirishani kwenye kibanda cha kijani, London

Nilinunua kikombe kimoja cha chai na sandwichi ya yai. Nilikula nimesimama kando ya barabara, katika baridi ya mwezi wa pili, na ndani sikuruhusiwa kuingia. Natoa nyota tano.

Nimeendesha teksi Mombasa miaka 31, kwa hiyo nawaomba mnivumilie nieleze kwa kirefu. Binti yangu anafanya kazi London, na safari hii alinialika nimtembelee. Siku ya pili akaniuliza nataka kuona nini. Nikamwambia, tuache kasri la mfalme, nipeleke kwenye vile vibanda vya madereva niliwahi kuviona kwenye picha. Akacheka kidogo, lakini alinipeleka.

Kibanda chenyewe ni cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani iliyokolea. Kina paa la mteremko na juu yake kijumba kidogo cha kutolea hewa na mvuke. Kimesimama barabarani hasa, pale ambapo kwetu ungetarajia kuona magari yameegeshwa. Upana na urefu wake haupiti gari moja na farasi wake, na kipimo hicho kilitolewa makusudi: kwa kuwa kinakaa juu ya barabara ya umma, polisi hawakukubali kichukue nafasi zaidi ya ile ambayo teksi moja ya farasi ingeichukua. Ndani kuna meza iliyopinda kufuata kuta tatu, mabenchi nyuma yake, na jiko dogo upande wa pili. Wanaenea watu kama 10 hivi, 13 wakibanana. Humo hukaa madereva wa teksi wa London tu; sisi wengine tunahudumiwa kwenye kidirisha.

Mama aliyekuwa jikoni aliniita mpenzi, ndivyo anavyowaita watu wote. Nilimweleza mimi ni Mwislamu, na nikamwomba kama yai langu linaweza kukaangwa mbali na nyama ya nguruwe, maana nilishaiona ikichuruzika mafuta kwenye kikaango. Hakununa. Alichukua kikaango kingine kidogo, akakisugua mbele yangu, akakisuuza, akakikausha, ndipo akavunja yai. Foleni nyuma yangu ilikuwa na watu wanne na hakuna aliyeguna. Chai na sandwichi vyote pamoja havikufika pauni saba, na katika mji ule hiyo ni bei ya huruma. Binti yangu anasema mkahawa ulio jirani ungenitoza zaidi kwa kahawa na kipande cha keki.

Chai ina nguvu, ni chai ya mtu wa kazi. Kasoro yake kwa ulimi wa mtu wa pwani ni kwamba haipikwi na maziwa, na usitarajie iliki wala tangawizi. Majani yanatiwa maji ya moto kisha maziwa baridi yanamiminwa juu. Mkate ulikuwa laini, yai halikuiva sana katikati, siagi ilikuwa ya kutosha. Chakula cha kawaida kabisa. Sikwenda kwa ajili ya chakula.

Nilikwenda kwa sababu ya swali ambalo dereva yeyote wa teksi anajiuliza kila siku ya mvua: nile wapi, nikae wapi, na gari nimwachie nani?

Vibanda hivi vilijengwa kulijibu swali hilo, na waliojengewa walikuwa madereva wa farasi. Mwaka 1875, mhariri wa gazeti la The Globe, George Armstrong, alikuwa nyumbani kwake mtaa wa St John's Wood, na nje kulikuwa na dhoruba ya theluji. Kisa kinavyosimuliwa, alimtuma mtumishi akamletee teksi. Magari yalikuwa pale kituoni, farasi wamesimama kwenye theluji, lakini madereva hawakuwapo. Walikuwa baa, na kadiri walivyokuwa wamekunywa hakuna aliyeweza kushika hatamu. Tajiri mwingine angeandika makala ya kuwatukana walevi. Armstrong alijiuliza wangekuwa wapi tena? Sheria haikumruhusu dereva kuliacha gari lake kituoni bila mtu wa kulilinda. Akitaka kula kitu cha moto, ilimbidi amlipe kijana amshikie farasi, aingie baa, na humo hukai bila kununua pombe. Akitoka, mapato ya nusu siku yameishia kwa mwenye baa na kwa kijana, na pengine blanketi la farasi nalo limeibwa.

Mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko wa kujenga vibanda, Lord Shaftesbury, mwanasiasa aliyejulikana kwa kutetea maskini, akiwa miongoni mwa waliousimamia, na cha kwanza kikawekwa Acacia Road, karibu na nyumba ya Armstrong mwenyewe. Hadi mwaka 1914 vilikuwa vimejengwa 61. Msimamizi wa kibanda alipata riziki yake kwa kuuza chai, kahawa na chakula cha bei nafuu, na dereva akija na kipande chake cha nyama, alipikiwa. Watu walichanga vitabu na magazeti ya kusoma. Pombe ilikatazwa, pia kamari, matusi, hata mabishano ya siasa. Hilo la siasa lilinigusa. Nimeona steji yetu ikigawanyika vipande viwili mwaka wa uchaguzi, watu waliokula sahani moja miaka kumi wakawa hawasalimiani.

Ili uelewe kwa nini kibanda kilikuwa jambo kubwa, lazima ujue dereva yule alikuwa anakaa wapi akiwa kazini. Teksi iliyotawala London ile iliitwa hansom, kwa jina la Joseph Hansom, msanifu majengo aliyechora Birmingham Town Hall. Alisajili uvumbuzi wake mwaka 1834: gari la magurudumu mawili, jepesi, linalovutwa na farasi mmoja, lililokaa chini ili lisipinduke kwenye kona. Mwaka 1836 John Chapman akaliboresha na kumhamishia dereva nyuma, juu, kwenye kiti kilichoning'inia mgongoni mwa gari. Hatamu zikapita juu ya paa mpaka kwa farasi. Gari likawa na mizani nzuri, likakata kona kali, likapenya kwenye msongamano kama pikipiki zinavyopenya leo. Abiria wawili wakakaa ndani, mbele yao wazi, wakiiona barabara bila mgongo wa dereva kuwaziba. Na dereva? Dereva akabaki nje. Mvua yake, ukungu wake, upepo wake, saa 12 au zaidi kwa siku, hana hata paa la turubai kichwani.

Nikiwa fundi wa kazi hiyohiyo, kuna vitu katika gari lile ninavyovistahi sana. Darini palikuwa na kidirisha kidogo. Abiria akitaka kusema jambo anakigonga kwa fimbo, dereva anakifungua, anasikia, na nauli inapitishwa hapohapo. Mbele ya magoti ya abiria palikuwa na vijilango viwili vya mbao vya kuzuia matope, na dereva alivifungua kwa wenzo akiwa kule juu kwenye kiti chake. Hushuki kabla hujalipa. Mtu aliyewahi kubeba abiria usiku wa manane, akafika Kisauni, na abiria akaruka akatokomea uchochoroni, atajua thamani ya wenzo ule.

Wenye mizigo walichukua gari la magurudumu manne. Watu waliliita growler, linalonguruma, kwa kelele zake juu ya mawe ya barabara. Ndilo lililokuwa likingoja kwenye stesheni za treni, na masanduku yanapangwa juu ya paa.

Na hesabu, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, ilikuwepo! Hili sikulitegemea. Madereva wengi hawakumiliki gari wala farasi. Walikodi kwa tajiri mwenye yadi, wanatoka asubuhi na deni, na kinachobaki baada ya kupeleka hesabu ndicho chao. Majira ya kiangazi, wenye pesa wanapokuwa mjini, tajiri anapandisha kodi ya gari. Miezi ya abiria wachache anaishusha kidogo. Farasi mmoja hawezi siku nzima, kwa hiyo gari linalofanya kazi kwelikweli lilihitaji farasi wawili kwa siku, na dereva alirudi yadi kubadilisha. Nauli ilipangwa na serikali. Mwaka 1853 sheria iliteremsha nauli ikawa peni 6 kwa maili, kutoka peni 8, na mwezi wa saba mwaka huo madereva wakagoma siku tatu. London nzima ikatembea kwa miguu. Wabunge walishusha nauli. Yale wanayotozwa madereva na matajiri hawakuyagusa. Nimesoma habari hiyo mara mbili na kila mara niliona nyuso za wenzangu wa steji.

Narudi kwenye kibanda.

Nilipokuwa nakula, alitoka dereva wa teksi nyeusi, mtu wa umri wangu hivi, kikombe mkononi. Binti yangu, bila kuniuliza, akamwambia, "Baba yangu naye ni dereva wa teksi, Mombasa." Nikatoa kwenye pochi beji yangu ya zamani ya PSV, ile ya dereva wa gari la abiria, ambayo bado natembea nayo. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma. Kisha akaniambia kwa upole kwamba ndani ni kwa waliofaulu mtihani wao tu, na hakuna anayeweza kuubadilisha utaratibu huo.

Binti yangu alikasirika kwa niaba yangu. Mimi nilifurahi, na nilimwambia hivyo. Mtihani ule ulianza mwaka 1865, enzi za farasi. Unatakiwa kujua kichwani barabara zipatazo 25,000 ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya London, na watu wanautumikia miaka mitatu, minne, wakizunguka na pikipiki kwenye mvua wakijisomea majina ya mitaa. Mtu aliyefanya hivyo ana haki ya kuwa na benchi moja duniani ambalo mtalii hawezi kumwondoa. Vibanda vikiwaachia kila mtu kuingia, baada ya mwaka mmoja vitajaa sisi wenye kamera, na dereva atakuwa anakula kwenye usukani tena.

Yule bwana alibaki nje na mimi. Alinionyesha vyuma vilivyozunguka kibanda kwa chini, akasema pale ndipo farasi walipofungwa wakati madereva wanakula. Niliweka mkono wangu pale. Chuma baridi kabisa, kimepakwa rangi mara nyingi hata kona zake zimekuwa mviringo. Farasi alisimama pale na mfuko wa shayiri umefungwa mdomoni, mvuke unamtoka puani, na kwa mara ya kwanza dereva anakunywa chai huku akimwona kupitia dirishani. Hakuna kijana wa kulipwa, na hatamu haiko mikononi.

Huyo bwana ndiye aliyenielekeza pia nitazame mahori ya mawe. Kwenye barabara kadhaa za London utaona chombo kirefu cha jiwe la matale, siku hizi mara nyingi kimepandwa maua. Yalikuwa ya kunyweshea wanyama, yaliwekwa na chama kilichoanza mwaka 1859 kwa kujenga bomba za maji ya bure ya kunywa watu, kisha kikawafikiria farasi na ng'ombe. Nililikuta moja na kukaa karibu nalo kwa muda, nikamkumbuka babu.

Babu yangu alisukuma troli. Enzi zile London ina maelfu ya magari ya farasi, Mombasa ilikuwa na reli nyembamba za kupita mitaani, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vigari vyepesi vyenye viti na kivuli cha turubai. Abiria alikaa, na wanaume wakakimbia nyuma wakisukuma. Ziliendelea hadi miaka ya 1920. Babu alikuwa kijana mdogo wakati huo wa mwisho. Alikuwa akitueleza jinsi mteremko ulivyokuwa raha, unarukia nyuma na wewe unabebwa, na mlima ulivyokuwa adhabu. Hakuwahi kutaja hori wala kibanda. Alisema walikunywa maji kwenye nyumba za watu, waliowajua.

Na mimi? Nilianza na Peugeot 504 ya tajiri, nikamalizia na Corolla yangu mwenyewe. Chakula changu cha mchana kwa miaka mingi kilikuwa juu ya boneti, viazi karai na ukwaju kwenye gazeti, jicho moja kwenye kioo cha nyuma kutazama abiria. Kuna hoteli moja ya ufuoni, jina lake naliacha, ambako tuliwaletea wageni wao usiku na mchana. Tulikuwa hatuna pa kujisaidia. Mlinzi alikuwa na amri asitupitishe langoni hata kwenda chooni. Nilikuwa na mwenzangu mwenye kisukari, Mungu amrehemu, ambaye aliacha kunywa maji kazini ili asihitaji choo. Haya siyasemi kwa kinyongo. Nataka tu msomaji ajue ni macho gani yaliyokitazama kile kijumba cha mbao.

Sasa mambo ya kuwafaa wanaotaka kwenda. Vimebaki 13 kati ya vile 61. Barabara zilipanuliwa, mabomu ya vita yakaanguka, na farasi wenyewe wakaisha. Teksi ya kwanza ya petroli ilitokea London mwaka 1903, na leseni ya mwisho ya teksi ya farasi ilirudishwa mwaka 1947. Vilivyosalia viko sehemu tofauti za mji. Cha Russell Square ni rahisi kukifikia ukiwa unakwenda makumbusho ya Uingereza; kilitolewa kama zawadi mwaka 1901 na mwigizaji Squire Bancroft na mwanzo kilikuwa Leicester Square. Cha Warwick Avenue kiko mbele ya mlango wa stesheni, na cha Temple Place kiko hatua chache kutoka Mto Thames. Nenda siku ya kazi, asubuhi, kabla ya adhuhuri. Nilipita vingine Jumamosi nikakuta vimefungwa. Beba sarafu kidogo, maana kwenye kimoja mashine ya kadi ilikuwa imegoma na nikaondoka bila chai. Usisukume mlango. Usimpige picha mtu akiwa anakula.

Kama una mtoto, mwonyeshe vile vyuma kwanza, mweleze farasi, ndipo umnunulie kitu. Binti yangu amepita mbele ya kimojawapo miaka mitano akidhani ni stoo ya vifaa vya manispaa.

Tulikuwa bado tunaongea, yule bwana akinieleza jinsi mke wake anavyolalamikia zamu za usiku, mwanamke mmoja mwenye sanduku akasimama ng'ambo ya barabara na kuinua mkono. Bwana akatazama kikombe chake, kilikuwa na chai zaidi ya nusu. Akakiweka kwenye ubao wa kidirisha, akanipa mkono, akakimbilia gari. Yule mama wa jikoni alitoa mkono wake nje bila kuangalia, akakivuta kikombe ndani, akakifunika kwa kisahani na kukisogeza karibu na birika la moto.

Nilingoja kama dakika ishirini kuona kama atarudi kukinywa. Alirudi.